Pumzi ya Mwanachama



Mmezoea kunisikia nikizungumza juu ya daftari la fedha na mizani. Leo naomba radhi, nitazungumza juu ya pumzi.

Katika ukaguzi wa chama kimoja nilisoma kwenye kitabu cha kumbukumbu kwamba mwanachama mmoja, mama wa makamo, alitozwa faini mara tatu kwa kutohudhuria kazi ya pamoja. Kando ya jina lake karani alikuwa ameandika neno moja: mvivu. Nilimfuata nyumbani, nami nikamkuta njiani akitoka kisimani na ndoo iliyojaa nusu. Alikwenda hatua kama ishirini, akaitua, akashika mti, mabega yakipanda na kushuka. Shikamoo yangu haikuitikiwa kwa muda. Hakuwa na jeuri. Hakuwa na pumzi ya kuitikia. Hospitali ilikwisha kumwambia kuwa ana ugonjwa sugu wa mapafu, na yeye amepikia kuni katika jiko lisilo na dirisha tangu alipoolewa.

Ndugu zangu, ugonjwa huu hauna jeraha la kuonyesha. Njia za hewa husinyaa. Hewa iliyoingia haitoki yote, na hewa mpya hukosa nafasi. Moshi wa tumbaku, moshi wa jikoni na vumbi la kazini ni miongoni mwa visababishi vyake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 uliua watu milioni 3.5.

Mwenye afya hahesabu pumzi anapofagia. Mgonjwa huhesabu. Akiinama kufunga viatu, tumbo husukuma mapafu. Kuanika nguo kwenye kamba ya juu kwaweza kumchosha kuliko kutembea, kwa sababu misuli ya mabega inayomsaidia kupumua imepewa kazi nyingine. Hata kuoga, ambako wengine wetu hukufanya tukiimba, kwake ni kazi ya kupangiwa saa.

Yapo ya kumsaidia, wala hayahitaji mkopo. Aogee na kumenya viazi akiwa ameketi juu ya kigoda. Vyombo vya kila siku viwekwe usawa wa kiuno. Maji ya safari moja yagawanywe safari mbili, au vijana wa nyumbani wayachote. Avute hewa kwa pua, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa kama apozaye uji. Na kila anyanyuapo mzigo, anyanyue huku akitoa pumzi, asiizuie. Lakini asikatazwe kazi zote. Kulala kutwa hulegeza misuli na kuzidisha kuhema. Afanye, apumzike, aendelee.

Nairudia ile faini. Niliieleza kamati niliyoyaona, nayo ikamwita. Yule mama hakuomba kusamehewa kazi, aliomba kiti. Faini ilifutwa, fedha zake zikarejeshwa kwa stakabadhi. Siku za kupima mazao huketi upande usio na vumbi la magunia, akiandika majina ya wanaoleta, na hati yake ni nzuri kuliko ya karani aliyemwita mvivu.

Ndugu makatibu, katika ukaguzi ujao nitaomba kuona orodha ya faini za kila chama pamoja na sababu ya kila moja. Sababu hiyo muwe mmekwenda kuiuliza nyumbani kwa mwanachama.