Mzee na Kijana Juu ya Jamvi Moja

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu katika udhaifu, akamtia nguvu baada ya udhaifu, kisha akamrudisha katika udhaifu na mvi. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na msamaha, na tunajikinga kwake na shari za nafsi zetu. Tunashuhudia kwamba hapana mola apasaye kuabudiwa ila Yeye peke yake, na kwamba Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu mliohudhuria katika msikiti huu wa Buseresere, nanyi mnaotusikiliza kwa njia ya redio majumbani, madukani na machimboni, nakuusieni, pamoja na kuiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu, kwani hiyo ndiyo akiba isiyoibwa.

Maneno yetu ya leo yanahusu haki ya mzee. Haki hii wengi wetu tunaijua nusu yake. Tunajua kwamba mzee apaswa kulishwa, kuvishwa, kuuguzwa, na siku yake ikifika, kuzikwa kwa heshima. Hayo ni wajibu, na anayeyatimiza atapata ujira wake kwa Mola wake. Lakini iko nusu ya pili, nayo ni haki ya mzee ya kukaa pamoja na watu, kuulizwa naye akajibu, kufundishwa asilolijua na kufundisha alijualo. Nusu hiyo ndiyo tuliyoisahau.

Katika Sura ya Al-Israa, Mwenyezi Mungu ameamrisha wazazi watendewe wema, na akakataza wasiambiwe hata neno dogo la kuchukia pindi uzee unapowafikia. Tazameni, ndugu zangu: aya hiyo inawataja wazazi wakizeeka wakiwa kwetu, kando yetu. Haikuwataja wakiwa mbali, wakipelekewa unga na sukari kila mwisho wa mwezi. Kukaa nao kumetangulia, na upole wa maneno ukafuata, kwa maana hawezi mtu kusema kwa upole na yule asiyesema naye kabisa.

Sasa na tuitazame hali yetu. Buseresere na jirani yetu Katoro ni miji ya biashara na ya watu wa dhahabu. Vijana wamekuja hapa kutoka kila upande kutafuta riziki ya halali, na hilo halina lawama. Lakini nyuma yao wamebaki wazee, ama kijijini pamoja na wajukuu, ama hapa hapa mjini katika chumba cha uani, ambako hawamjui jirani wala jirani hawajui. Jioni mwenye nyumba hurudi amechoka, watoto huinamia simu, naye mzee hukaa kizingitini akihesabu wapitao. Chakula amepewa. Salamu amepewa. Lakini hakuna aliyemwuliza jambo lolote tangu kulipokucha.

Ndugu zangu, kutengwa huku hakuishii katika upweke. Katika mikoa yetu hii ya Geita, Mwanza na Shinyanga yametokea kwa miaka mingi mauaji ya wazee, hasa akina mama, kwa tuhuma za uchawi. Mtoto ameugua, ng'ombe wamekufa, mgodi haukutoa kitu. Mtu akaenda kwa mpiga ramli, na mpiga ramli akamwonyesha ajuza mwenye macho mekundu. Na wekundu wa macho yale umetoka wapi? Umetoka jikoni. Mama yule amepuliza moto wa kuni na wa samadi kwa miaka arubaini au hamsini, akiwapikia hao hao waliokuja kumhukumu. Moshi uliowalisha wao ndio uliomdhuru yeye.

Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, ametuonya kwamba mwenye kumwendea mtabiri na kumwuliza jambo haikubaliwi sala yake kwa siku arubaini. Basi itakuwaje kwa yule aliyetoka huko akamwaga damu ya mtu asiye na hatia? Nataka mzingatie jambo moja. Mjukuu akaaye na bibi yake jikoni kila jioni haulizi kwa nini macho ya bibi ni mekundu. Ameuona moshi kwa macho yake mwenyewe. Mzee huanza kudhaniwa mchawi pale anapokuwa hajulikani, naye huanza kutojulikana pale watoto wanapoacha kuketi naye. Kwa hiyo darasa la mzee na mjukuu si anasa. Hapa kwetu ni hifadhi ya roho ya mtu.

Huenda mtu akasema: mzee amekwisha pitwa na wakati wa kusoma. Uislamu haukusema hivyo. Imam Bukhari ametaja katika kitabu chake, katika mlango wa elimu, kwamba sahaba wa Mtume walijifunza wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima. Abubakar na Umar waliingia katika dini hii wakiwa watu wazima, wakaanza kujifunza pale Mtume alipowafundisha, na hakuna aliyewacheka.

Huenda mwingine akasema: ni aibu mdogo kumfundisha mkubwa. Hilo nalo si kweli. Sayyidna Umar alikuwa akimwita Abdallah bin Abbas, angali kijana, akamketisha pamoja na wazee waliopigana Badri, na alipowauliza maana ya Sura ya An-Nasr, akaliridhia jibu la kijana yule. Na katika Sura ya Maryam tunamsoma Nabii Ibrahim akimweleza baba yake kwamba imemjia elimu ambayo baba hakuipata. Jambo alilolisema lilikuwa zito, lakini kila mara alitanguliza kumwita baba yangu. Hiyo ndiyo adabu ya mdogo amfundishaye mkubwa: elimu aitoe, na heshima asiipunguze.

Wala mambo haya si mageni katika nchi yetu. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba yapata theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Katika kanda hii ya Ziwa, tangu 1968, uliendeshwa kwa msaada wa UNESCO mradi wa kisomo chenye manufaa, makao yake Mwanza, ukaenea Mara, Shinyanga na Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambamo ilikuwamo Biharamulo iliyoizaa wilaya yetu ya Chato. Wazee walisoma herufi kwa maneno ya pamba, ya migomba, ya samaki na ya ng'ombe, yaani kwa mambo waliyoyajua kuliko walimu wao.

Na walimu hao walikuwa nani? Wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, waliojitolea. Mtoto wa jana alisimama mbele ya ubao, na mbele yake wakaketi baba zake wadogo na bibi zake. Ulipofanyika mtihani wa taifa wa 1975, wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi asilimia 39, na kufikia 1986 wakawa chini ya asilimia 10. Baadaye madarasa yale yakafifia, na sensa ya 2012 ikaonyesha kwamba zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila watano hakujua kusoma. Nyumba isiyokaliwa huota majani.

Hayo ni ya vijana kuwafundisha wazee. Upande wa pili nao, wa wazee kuwafundisha vijana, hauko mbali nasi. Ardhi ya Shinyanga ilikuwa imekwisha kukatwa miti hata watu wakaanza kuiita jangwa. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa kwa kifupi HASHI. Wataalamu walianza na miche ya vitaluni, lakini dawa kubwa ilitoka vinywani mwa wazee wa Kisukuma. Wazee walikuwa na ngitili, yaani kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua, kisiingie mfugo, hata kiangazi kikali kikifika kifunguliwe kidogo kidogo. Walijua pia kuilinda kwa sheria za jadi katika baraza lao la dagashida. Wataalamu waliposikiliza, miti ikachipuka yenyewe kutoka katika visiki, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa kijani. Mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Je, wazee wale wangalifariki bila kuulizwa, nani angalijua?

Nayasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi nanyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ndugu zangu Waislamu, maneno yasiyofuatwa na vitendo ni deni. Kwa hiyo nakuusieni mambo manne.

La kwanza, kila msikiti na uwe na darasa la wazee, japo siku moja kwa juma baada ya sala ya Alasiri, wanaume upande wao na akina mama upande wao. Wanafunzi wakubwa wa madrasa wawasomeshe Alhamdu na sura fupi, na herufi kwa asiyezijua. Wako wazee wetu waliosali miaka thelathini kwa kufuata sauti ya jirani, wakaona haya kusema kwamba hawajui. Tusiwaache wafe na haya hiyo.

La pili, vijana wawafundishe wazee mambo ya zama hizi. Leo fedha hutumwa kwa simu. Mzee asiyeweza kusoma ujumbe humpa mtu baki simu yake na namba yake ya siri, na jasho la mwanawe aliyeko machimboni huliwa na mwizi mchana kweupe. Kijana, mfundishe babu yako kuusoma ujumbe huo mwenyewe. Usimnyang'anye simu ukamfanyia, kwani hapo hukumfundisha. Umemzidishia tu kukutegemea.

La tatu, kila darasa likimalizika, jamvi ligeuzwe: mzee awe mwalimu. Aulizwe mipaka ya mashamba, visima visivyokauka, mbegu zinazostahimili ukame, njaa zilizopita na namna watu walivyozivuka, na nasaba zinazotuunganisha. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wawepo kweli, si kutajwa tu harusini na mazishini.

La nne, mwenye nyumba aliye na mzee amlete. Kama hawezi kutembea, kijana mwenye baiskeli au pikipiki amfuate. Kama haoni vizuri, tuchangiane miwani. Na ikisikika tuhuma juu ya mzee yeyote, awe Mwislamu au si Mwislamu, basi Mwislamu awe wa kwanza kuketi mlangoni pake mchana, na wa kwanza kuwapasha habari viongozi wa kijiji na polisi. Taifa letu lina Sera ya Wazee tangu 2003, lakini karatasi hailali mlangoni pa mtu. Jirani ndiye alalaye.

Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ametufahamisha kwamba si katika sisi asiyemhurumia mdogo wetu na asiyemheshimu mkubwa wetu. Amewataja wote wawili mahali pamoja, kana kwamba wameketi juu ya jamvi moja. Basi sisi tusiwatenganishe.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu walio hai na waliotangulia. Ewe Mola wetu, walinde wazee wa nchi hii na ndimi za wapiga ramli na mikono ya madhalimu. Wape vijana wetu riziki ya halali, uwaepushe na maporomoko ya migodi, na uwarudishe salama kwa waliowalea. Tuzidishie elimu wakubwa kwa wadogo, na tujaalie mwisho mwema. Amin.

Inukeni kwenye sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.