Kwa Nini Pumu Hupenda Usiku
(Mazungumzo na vikundi vya akina mama, Homa Bay na Migori)



Leo tuongee juu ya mtoto anayekohoa usiku. Mchana anacheza vizuri. Ikifika saa tisa au saa kumi alfajiri, anakaa kitandani akivuta pumzi kwa shida. Kwa sababu ni usiku, watu huanza kunong'ona juu ya jirani, mara nyingi nyanya mjane anayeishi peke yake. Hapo ugonjwa wa mtoto mmoja unavunja maboma mawili.

Sisi tunasema jirani hana makosa. Mwili una saa yake. Saa kubwa iko ubongoni, na hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Hata seli za kinga, wale askari wa mwili, zina saa zao ndogo. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hii inavyofanya kazi. Waliichunguza katika nzi wadogo wa matunda.

Usiku, homoni ya kotisoli inayotuliza askari hao hupungua. Seli za mzio ziitwazo masti humwaga histamini kwa urahisi zaidi, na njia za hewa huwa nyembamba. Ongeza vumbi la godoro na moshi wa kuni, kifua kinabana.

Kumbe pumu hujificha mchana! Ukifika zahanati saa sita, daktari anaweza asisikie kitu kifuani. Kwa hivyo mwambie saa. Andika kila usiku mtoto alioamka, hata kwa penseli nyuma ya daftari la kliniki. Dawa ya kuvuta ya kuzuia itumiwe kila siku kama ilivyoagizwa, hata akionekana mzima. Ile ya kufungua kifua ni ya wakati wa shida.

Wavuvi wetu wa omena kule Mbita, Sindo na Muhuru Bay hukesha ziwani na taa, wakalala mchana. Saa yao huvurugika. Mwenye pumu amwambie daktari kwamba kazi yake ni ya usiku.

Lakini tusikilizane: mbavu zikiingia ndani, mtoto akishindwa kuongea au kunyonya, au midomo ikigeuka samawati, msingoje kukuche. Mpelekeni hospitali usiku huohuo. Amsheni majirani, hata yule mliyemshuku, awashikie tochi.