Ndege Nyuki ya Kuchora Ramani: Tuichague kwa Swali Tunalotaka Lijibiwe

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata



Katika ukanda huu, kuanzia tambarare za pamba za Shinyanga hadi vilima vya dhahabu vya Geita, kipande kimoja cha ardhi huweza kudaiwa na mkulima, mfugaji mwenye ngitili, mchimbaji mdogo na mwenye leseni ya madini. Kwa sababu hiyo, kifaa kitakachotumika kuichora ardhi hiyo kinamhusu kila mkazi. Ninaomba nieleze namna ndege nyuki ya ramani inavyochaguliwa, ili mnaposhirikishwa muwe na maswali ya kuuliza.

Swali la kwanza ni hili: tunataka kuchora nini? Ndege ya mabawa huruka kwa muda mrefu na kufunika eneo kubwa kwa mruko mmoja. Ndege za aina hiyo ndizo zilizotumika Zanzibar kuanzia mwaka 2016, pale Kamisheni ya Ardhi na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walipovichora visiwa vya Unguja na Pemba. Kwa mbuga na mashamba yaliyotawanyika, aina hiyo inafaa. Lakini huhitaji uwanja wa wazi wa kutua. Ndege ya panga boi nne hupaa na kutua mahali finyu, nayo huweza kusimama angani. Ila betri yake kwa kawaida huisha kati ya dakika 20 na 40. Hiyo inafaa kwa senta zilizobanana, kwa maduara ya wachimbaji na kwa makorongo.

Ipo pia aina inayopaa wima kisha ikaruka kwa mabawa. Wakazi wa Kanda ya Ziwa wanaweza kukumbuka kuwa mwaka 2018 ndege ya namna hiyo ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, umbali wa kilomita 60 kwa takriban dakika 40. Hata hivyo, ndege iliyoundwa kubeba dawa haigeuki kuwa ya ramani kwa kufungwa kamera tu.

Swali la pili ni usahihi. Wengi husifu ukali wa kamera, lakini kuona vizuri si kupima sawasawa. Ndege ikiwa mita 100 juu huweza kuonyesha kitu chenye upana wa sentimita chache, na bado ramani yake ikawa imesogea mita kadhaa kutoka mahali pake halisi. Tuchukue ekari yetu ya mita 70 kwa 70. Mpaka ukisogezwa mita 3 upande mmoja, mita za mraba 210 zimehamia kwa jirani. Hapo ndipo ugomvi wa ndugu unapoanzia. Kwa hiyo ndege iwe na mfumo wa kusahihisha mahali, ambao wataalamu huuita RTK, na mpima aweke alama za ardhini za kuihakiki. Mkiona misalaba ya rangi au vitambaa vyeupe vimewekwa shambani kwa kazi hiyo, tafadhali msiving'oe.

Swali la tatu ni kimo. Picha zikipigwa kwa kupishana vizuri, hutoa pia umbo la ardhi: kina cha shimo, mwinuko wa kifusi, njia ya maji. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka na tope likaingia katika makazi na mashamba. Ramani pekee haizuii ukingo kubomoka, lakini huonyesha mapema tope litaelekea kwa nani.

Swali la nne ni gharama baada ya ununuzi: betri za akiba, programu, kompyuta yenye nguvu, mafunzo na vipuri. Kama kazi ni ya msimu mmoja, kukodi kunaweza kuwa nafuu. Kama ni ya kila mwaka, tununue, na tuwafundishe watumishi zaidi ya mmoja, kwani mtumishi huhama na kifaa hubaki kabatini.

Ndugu wananchi, ninafahamu hofu iliyopo: chombo kikionekana angani, watu husema tunahamishwa. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Urushaji unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na idhini ya Wizara ya Ulinzi. Mnayo haki ya kumuuliza mrushaji vibali vyake, na kutaka serikali ya kijiji iarifiwe kabla. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inalinda taarifa zenu.

Zaidi ya hayo, ndege haijui mpaka. Huona mti, njia na ua. Haioni makubaliano ya mababu. Hati ya hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hutolewa na Halmashauri ya Kijiji, na mpaka huhakikiwa majirani wakiwa wamesimama shambani. Picha yenye tarehe inaweza kukusaidia siku ya fidia kuthibitisha kuwa nyumba yako ilikuwepo. Haiwezi kusema kwa niaba yako kama hukujitokeza.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ramani ni daftari la ardhi. Basi tuombe kwamba kila mapendekezo ya ununuzi au ukodishaji yaeleze kazi inayokusudiwa, usahihi kwa sentimita, na mahali ambapo nakala ya ramani itabandikwa kijijini ili kila mkazi aikague kabla haijapitishwa.