Mtoto Anapodharauliwa kwa Rangi au Asili Yake

Wewe uliye jikoni, wewe unayenyonyesha, na wewe nyanya unayelea wajukuu, sogea karibu na redio. Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala chanjo. Tunazungumza juu ya kidonda kisichoonekana kwa macho: kile anachokipata mtu anapodharauliwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, nywele zake au asili ya wazazi wake.

Tuchukue mfano. Mtoto wa kike wa miaka 8 anaishi hapa Makadara. Kila asubuhi ya shule anaumwa na tumbo. Mama anampa dawa ya minyoo, lakini tumbo haliachi. Siku moja anamkuta bafuni akijisugua mikono kwa dodoki mpaka ngozi imechubuka. Anapomwuliza, mtoto anajibu, "Mama, nataka weusi utoke." Kumbe shuleni wenzake humwita mkaa. Na nyumbani kila mgeni akija humsifu dadake kwa nywele zake za singa, naye huambiwa, "Huyu wa pili kamtoa nani?"

Mama, mtoto huyu hana minyoo. Ana huzuni na aibu, na mwili wake unasema kile ambacho mdomo umeshindwa kukisema.

Maneno haya hayakuanza jana. Pwani yetu ilijua biashara ya watumwa kwa miaka mingi. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Mwaka 1875 wamishonari wa Kiingereza walianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa chetu, kuwa makao ya watu waliokombolewa. Kengele yao ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni. Hata hivyo, hapa pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Kisha serikali ya kikoloni ikawapanga watu kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi na Mwarabu katikati, Mwafrika chini. Shule, hospitali na mishahara vilifuata mpango huo. Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini mpango ule ulibaki katika vichwa vya watu, na mpaka leo tunausikia katika matusi, katika posa, na hata katika kumsifu mtoto mchanga.

Na dharau haiendi upande mmoja tu. Mtoto wa Kimijikenda huitwa mnyika. Mtoto wa asili ya Kiarabu, Kibaluchi, Kihindi au Kisomali huambiwa "rudi kwenu", na huku babu wa babu yake amezikwa papa hapa Mombasa. Kila mmoja wao huumia.

Je, mtoto mdogo huyaelewa mambo haya? Ndiyo, tena mapema kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1940 huko Marekani, wanasaikolojia wawili, mume na mke, Kenneth na Mamie Clark, waliwapa watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere weupe na weusi. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri, na wakamwita mweusi mbaya. Wengine walilia walipoulizwa ni yupi anayefanana nao. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kwamba si halali kuzitenga shule za serikali kwa rangi, kazi ya wataalamu hao ilitajwa katika hukumu. Watoto wale hawakuzaliwa na chuki ya ngozi yao. Walifundishwa na waliyoyaona na waliyoyasikia.

Sasa, mama, utajuaje kwamba mtoto wako ana kidonda hiki? Tazama dalili hizi:

Anaumwa na tumbo au kichwa mara kwa mara, na hospitali hawaoni ugonjwa.
Anakataa kwenda shule au chuoni.
Ameanza tena kukojoa kitandani, au anaota ndoto za kutisha.
Amekuwa mpweke, au amekuwa mkali na mgomvi.
Anajisugua ngozi, anajipaka poda nyingi usoni, au anaficha nywele zake kwa aibu.
Anasema maneno kama "mimi mbaya" au "bora nisingezaliwa". Ukisikia neno hili la mwisho, usingoje kesho. Tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Ukiona dalili hizi, fanya nini?

Kwanza, msikilize. Kaa naye mahali pa utulivu, umwache aseme mpaka amalize. Usimwambie "nyamaza, hayo ni maneno tu" wala "nenda kawatukane na wewe". Mwambie, "Nimekusikia. Umeumizwa, na kosa si lako."

Pili, chunga ulimi wa nyumbani. Hapa, mama, nitasema jambo gumu. Mara nyingi tusi la kwanza mtoto hulisikia kwetu sisi tunaompenda. Tunamwambia, "Toka juani usije ukawa mweusi." Tunamfunua mtoto mchanga masikio tuone rangi yake itakuwaje. Tunamchana nywele huku tukilaumu ukoo wa babake. Hatukusudii ubaya, kwani nasi tuliambiwa hivyo hivyo. Lakini mtoto anayeambiwa hivyo nyumbani hana pa kukimbilia akitukanwa shuleni.

Tatu, usimpake mkorogo, na wewe mwenyewe uuache. Baadhi ya mafuta ya kujichubua yana zebaki, ambayo huharibu figo na mishipa ya fahamu, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Nne, nenda shuleni ukaonane na mwalimu wake. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, kabila na asili ya mtu. Kwa hiyo kumlinda mtoto wako ni haki yake, wala hukuenda kuomba hisani.

Tano, mpeleke kwa mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Wengi huogopa, wakidhani ni kwa wenye wazimu. Sivyo. Mshauri husikiliza na hutunza siri. Mtoto mdogo huenda asiulizwe maswali mengi. Atapewa karatasi achore, au vitu vya kuchezea, na kupitia hivyo atayatoa yaliyo moyoni. Kisha polepole hufundishwa kulitenganisha tusi na nafsi yake, na namna ya kujibu bila kupigana. Mara moja haitoshi, hivyo usikate tamaa. Anza kwa kuuliza katika hospitali ya Coast General au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Pia waweza kupiga simu ya watoto, nambari 116, bila malipo.

Nawe mama uliyerudi kutoka Uarabuni, sijakusahau. Wanawake wengi wa Kenya wamekwenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Mwaka 2025 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti juu ya Wakenya hao huko Saudia, ikieleza kufungiwa ndani, kufanyishwa kazi bila mapumziko, na kutukanwa kwa rangi yao. Huenda umerudi, ukagawa zawadi, ukasema ulikuwa salama. Lakini usiku usingizi hauji, sauti kubwa hukushtua, na wanao unawakaripia bila sababu. Huo si udhaifu wala si kukosa shukrani. Ni majeraha ya moyo, nayo yana tiba. Ukitibiwa wewe, umemtibu na mtoto wako.

Mtu ataniuliza, "Na dua je?" Dua na ushauri nasaha havigombani. Mtu aliyedharauliwa anahitaji kukumbushwa thamani yake, na dini zetu zinalo neno hapo. Bilal, Mhabeshi aliyekuwa mtumwa, ndiye aliyechaguliwa na Mtume (S.A.W.) kuwa mwadhini wa kwanza. Katika hotuba yake ya kuaga, Mtume alifundisha kwamba mweupe hana ubora juu ya mweusi, wala Mwarabu juu ya asiye Mwarabu, isipokuwa kwa ucha Mungu. Nao Wakristo wanajua jinsi Miriamu na Haruni walivyomsema Musa kwa kuoa mwanamke Mkushi, na Mungu akawakasirikia. Msimulie mtoto visa hivi kabla hajalala. Mwombee akisikia, ukilitaja jina lake.

Ila tahadhari. Mtoto mwenye huzuni asiambiwe ana shetani, wala asipigwe kwa kisingizio cha kumtoa pepo. Akiambiwa asamehe, asiamrishwe kunyamaza. Msamaha huja baada ya kusikilizwa, na hauzuii mkosaji kukanywa. Maalim na wachungaji mnaotusikiliza, mkimwona mtoto wa namna hii, msomeeni dua, kisha mwelekezeni kwa mshauri.

Mpenzi msikilizaji, kwa leo ninakupa kazi moja. Usiku huu, unapompaka mwanao mafuta au kumsuka, mtazame usoni umwambie kitu kizuri juu ya ngozi ile ile na nywele zile zile alizopewa na Mungu. Mwambie kesho tena, na kesho kutwa. Huenda mara ya kwanza asikuamini. Endelea tu.