Embe Halingoji Broka

Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia kabla ya msimu wa maembe

  

Wazee walisema akiba haiozi. Ni kweli kwa mahindi makavu na kwa pesa zilizoandikwa kwa kitabu cha chama. Lakini embe ni akiba inayooza. Hapa kwetu Ukambani, kutoka Machakos hadi Makueni na Kitui, maembe huiva karibu yote pamoja, kati ya Desemba na Machi. Katikati hapo, Januari, shule zinafunguliwa na karo inatakiwa. Broka anajua una maembe mengi. Anajua yataoza. Anajua pia mtoto anangoja karo. Basi yeye ndiye anayetaja bei.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme una miembe 10, na kila mmoja umezaa maembe 300. Jumla ni 3,000. Broka anachagua 1,500 yaliyo makubwa kwa shilingi 4 kila moja. Umepata shilingi 6,000. Na yale 1,500 mengine? Watoto wanakula mpaka wanachoka, ng'ombe naye anakula, na yaliyobaki yanalala chini ya mti. Leo nataka tuzungumze juu ya hiyo nusu ya pili.

KWANZA, TUCHUME VIZURI. Usitikise mti. Embe likianguka limeumia, hata kama hulioni jeraha, na baada ya siku mbili litakuwa jeusi. Tumia mti mrefu wenye mfuko kwenye ncha. Embe lililokomaa linajaa mabega pale karibu na kikonyo. Kama una shaka, kata moja: nyama ikianza kuwa ya manjano, limekomaa. Acha kikonyo kifupi, kisha uliinamishe ili utomvu utoke bila kugusa ganda, maana utomvu unachoma. Liweke kivulini, kwa kreti au kikapu, wala si kwa gunia.

PILI, TUFAGIE CHINI YA MTI. Maembe yaliyoanguka yakioza hapo ni nyumba ya nzi wa matunda. Yule nzi mbaya aliyetoka Asia alionekana Kenya mara ya kwanza 2003. Hutaga mayai ndani ya tunda, funza wanakula, kisha wanaingia udongoni na kutoka wakiwa nzi wapya. Kila siku mbili okota yaliyooza, uyafukie kwenye shimo la futi mbili au zaidi. Na kama jirani hafagii, nzi wake watakuja kwako. Kwa hiyo hii ni kazi ya kijiji kizima.

TATU, TUKAUSHE. Chagua maembe yaliyoiva lakini bado magumu kidogo. Osha maembe, mikono na kisu. Menya, ukate vipande vyembamba vinavyolingana, unene wa kama nusu sentimita au zaidi kidogo. Vipange kwenye wavu safi ulioinuliwa juu ya ardhi, ufunike kwa chandarua kuzuia nzi na vumbi. Kikundi kikiweza kutengeneza sanduku la kukaushia kwa jua, ni vizuri zaidi. Geuza vipande, na jioni viingize ndani. Jua likiwa kali, siku mbili au tatu zinatosha. Kipande kilichokauka hukunjika kama ngozi, na ukikiminya hakitoi maji. Weka kwa mikebe inayofunga kabisa, mahali penye giza. Msishangae mkipata kidogo: kilo 10 hadi 12 za maembe hutoa kama kilo 1 kavu. Sehemu kubwa ya embe ni maji.

NNE, TUPIKE JEMU. Yale laini yasiyofaa kukausha, ponda nyama yake. Kwa kila kilo 1 ya rojo weka sukari robo tatu ya kilo na maji ya ndimu mbili. Chemsha ukikoroga, lisiungue. Dondosha kidogo kwa sahani baridi. Likishikana bila kutiririka, liko tayari. Mimina likiwa moto ndani ya chupa zilizochemshwa dakika 10, ufunge papo hapo. Yale mabichi yaliyoangushwa na upepo, fanyeni achari kwa chumvi na pilipili.

Hivi vyote anzeni kuvila nyumbani. Embe bivu lina vitamini A, inayolinda macho ya watoto. Mkitaka kuuza dukani, ni lazima mpate alama ya ubora ya KEBS, na afisa wa afya ya umma akague mahali mnapopikia. Hiyo si kazi ya wiki moja, kwa hivyo ulizeni mapema.

TANO, na hili ndilo gumu: TUUZE PAMOJA. Kule Kalamba, Makueni, kaunti ilijenga kiwanda cha matunda baada ya ugatuzi. Lakini kiwanda au mnunuzi mkubwa hawezi kupita kila boma kuokota kreti moja moja. Anataka mzigo uliokusanywa, uliochaguliwa, unaopimwa kwa kilo. Mkikubaliana bei kisha mmoja auze kichinichini usiku, amevunja bei ya wote. Najua anayefanya hivyo mara nyingi ana shida ya kweli. Basi chama kianze sasa kuweka akiba kidogo ya kumkopesha mwenye shida ya karo Januari, ili asikimbilie broka. Bila hiyo, mapatano yenu ni maneno tu.

Embe halingoji broka, wala halingoji mkutano. Likishaiva, tumechelewa. Yote haya yapangwe maua yakiwa bado mtini.



Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Mwaka uliopita, maembe mangapi yaliozea kwetu? Kila mmoja akadirie.
2. Nani ana wavu, mikebe, sufuria kubwa? Nini kitanunuliwa kabla ya Desemba?
3. Mwanachama akikwama kwa karo, tutamsaidia vipi asiuze peke yake?