Kisafina cha Mtoto Mdogo

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni. Somo: Kutoka 2:1–10)

Popote ulipo asubuhi hii, ukiwa jikoni unachochea moto, au umelala hospitalini, au uko njiani kwenda kazini, karibu tuketi pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo nataka kusema na akina mama waliojifungua kabla ya siku zao kutimia, na waume wao, na majirani wao. Sisi wachungaji hatuna desturi ya kuzungumza juu ya maziwa ya mama mbele ya watu. Lakini Biblia haioni haya kulitaja jambo hili, wala mimi sitaona haya, maana lilifika nyumbani kwangu.

Mwezi wa Mei mwaka 2018 mke wangu alishikwa na uchungu mimba ikiwa na majuma 31. Mtoto akizaliwa kabla ya majuma 37 kutimia huhesabiwa kuwa ametangulia siku zake. Basi wetu alikuwa ametangulia sana. Alikuwa msichana, na mizani ilionyesha gramu 1,450. Hakufika kilo moja na nusu. Nimebeba Biblia za mimbarini zilizomzidi uzito.

Walimweka ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto, na mrija mwembamba ukapitishwa puani mpaka tumboni. Sista alitueleza kwamba mtoto wa umri ule hawezi bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango mmoja. Uwezo huo huanza kuja kwenye majuma 32 hadi 34. Mama alitakiwa akamue maziwa kwa mkono, nayo yatiwe mrijani kidogo kidogo.

Siku ya kwanza kilipatikana kijiko kimoja tu cha dang'a, yale maziwa ya kwanza yaliyo mazito na ya manjano. Nilipokitazama kile kikombe, moyo wangu ulizimia. Siku ya tano mtoto alikuwa ameshuka hadi gramu 1,340. Kule nyumbani shangazi yangu akaniambia, "Mwanangu, mtoto anakufa njaa na ninyi mnatazama. Nunua maziwa ya mkebe." Nami nikakopa fedha, nikanunua mkebe, nikautia mkobani chini ya Biblia, nikaenda nao hospitali. Sikumwuliza mke wangu. Sikumwuliza daktari wala sista.

Mke wangu alipouona hakusema neno. Aligeukia ukutani akalia. Baadaye aliniambia, "Nilishindwa kumbeba mpaka miezi tisa. Sasa na wewe unaniambia nimeshindwa kumlisha." Wapenzi, mimi niliyekaa chuo cha theolojia na kufundishwa namna ya kuwafariji waliofiwa, sikujua la kumjibu mke wangu mwenyewe.

Sista wa zamu, mama wa makamo, aliuona ule mkebe. Hakunikemea. Aliuweka kando, akasema, "Mchungaji, kabla hatujaufungua, tuulizane maneno matatu."

Neno la kwanza: uzito huu umeshuka kwa sababu gani? Akatueleza kwamba karibu kila mtoto mchanga hupungua uzito siku za kwanza, na kwamba aliyetangulia siku zake aweza kuchukua hata majuma mawili kurudia uzito aliozaliwa nao. Wetu alikuwa amepungua gramu 110, ambazo hazikufika sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ilikuwa hali ya kuangaliwa, lakini haikuwa bado hali ya kutisha.

Neno la pili: mama anakamua mara ngapi? Mke wangu akajibu kwamba ni mara tano kwa siku, na usiku halali macho, maana mume wangu ameniambia nipumzike. Sista akatikisa kichwa. Akasema kwamba maziwa hufuata mwito. Matiti yakitolewa maziwa mara nyingi, hutengeneza mengine. Yakiachwa yamejaa, hufikiri kazi imekwisha. Mama wa mtoto kama huyu yampasa kukamua mara 8 hadi 12 katika saa 24, na usiku pia. Shauri langu la huruma ndilo lililokuwa likikausha chakula cha mtoto wangu!

Neno la tatu: mama anamshika mtoto mara ngapi? Mtoto akiwa na hali ya kutosha, mama amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, na kumfunika. Njia hii ilianzishwa mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, hospitali ilipokuwa na watoto wengi na vifaa vichache. Humpa mtoto joto, na huyaamsha maziwa ya mama.

Kisha akatuambia kwa nini alikuwa akiyapigania hivyo yale matone. Matumbo ya mtoto aliyetangulia siku zake ni laepesi kuumia. Kuna ugonjwa mbaya ambao sehemu ya utumbo huoza na kufa, nao huwapata zaidi watoto wanaolishwa maziwa ya mkebe kuliko wanaolishwa maziwa ya mama. Tena, maziwa ya mama aliyejifungua mapema huwa na protini nyingi zaidi katika majuma ya kwanza. Nikafikiri: mwili wa mke wangu ulijua kwamba mtoto amefika mapema, ukaandaa chakula chake, nami nilikuwa nimekidharau kwa sababu kilikuwa kijiko kimoja.

Tukafanya kama tulivyoambiwa. Mimi nilimpigia simu saa tisa usiku kumwamsha. Shangazi, nilipomweleza, aliacha kulaumu akaanza kuleta uji. Siku ya kumi kikombe kilijaa. Siku ya kumi na tatu mtoto alirudia uzito wake wa kuzaliwa.

Msikilizaji, kama habari ingeishia hapo, ningekuwa na mahubiri mepesi: amini, subiri, wala usiguse mkebe. Lakini haikuishia hapo.

Juma lililofuata maziwa yalikuwako, lakini mtoto hakunenepa. Mtoto kama huyo, akisha kurudia uzito wake, hutazamiwa kuongeza karibu gramu 15 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Wetu alipaswa kuongeza zaidi ya gramu 20 kila siku. Alikuwa akiongeza 9. Daktari alimpima asije akawa na ugonjwa, hakuna. Akaongeza kiasi cha maziwa ya mama, bado. Ndipo akasema, "Sasa anahitaji nyongeza. Tutampa maziwa maalum ya watoto waliotangulia siku zao mara mbili kwa siku, na mara nyingine zote tutampa ya mama yake."

Mke wangu, aliyekuwa ameamka usiku baada ya usiku, aliona kama ameshindwa vita. Aliniuliza, "Je, nikubali?" Safari hii sikukimbilia kujibu. Tuliketi kwenye benchi nje ya wodi, tukafungua Kutoka sura ya pili.

Mwajua habari ile. Mfalme alitaka watoto wa kiume wa Waebrania wauawe. Mama mmoja alimficha mwanawe miezi mitatu, mpaka akaona hawezi kumficha tena. Akatengeneza kisafina cha manyasi, akakipaka lami, akamweka mtoto ndani, akakiweka kando ya mto. Dada ya mtoto akasimama mbali aone yatakayompata. Binti wa Farao akamwona, akamhurumia. Naye dada akajitokeza na kuuliza kama amtafute mwanamke wa kunyonyesha. Akaitwa nani? Mama yake yule yule! Akamnyonyesha mwanawe mwenyewe, tena akalipwa ujira.

Tulilitafakari neno moja. Yule mama alipotumia kisafina, je, aliacha kuwa mama? Hasha. Alikuwa amefanya yote yaliyo ndani ya uwezo wake miezi mitatu. Ulipofika mwisho wa uwezo wake, hakuruhusu haya imwue mtoto. Na kisafina hakikuchukua mahali pa mama. Kilimvusha mtoto kwenye maji ya hatari, kisha kikamrudisha kifuani pa mama yake. Lakini pia hakukitengeneza siku ya kwanza kwa sababu jirani alisema. Alikitengeneza wakati wake ulipofika, akakipaka lami vizuri kisivuje.

Mke wangu akafuta machozi, akasema, "Basi na tumpake lami vizuri." Akakubali ile nyongeza, wala hakuacha kukamua.

Uzito ulianza kupanda. Alipofika majuma 35 alianza kunyonya mwenyewe, kwanza dakika chache, halafu zaidi. Tulikwenda naye nyumbani akiwa na kilo mbili, na baada ya muda daktari akatuambia tuache ile nyongeza. Maziwa ya mama yakatosha. Leo msichana huyo yuko shuleni, na Jumapili yeye ndiye anayenibebea Biblia.

Sasa nina neno kwako, mama uliye katika hali hiyo. Swali la kuongeza maziwa ya mkebe lisijibiwe na jirani, wala na mume mwenye hofu kama mimi. Liulizeni mizani, na mwulizeni daktari au sista. Ukiongeza bila haja, mtoto atanyonya kidogo, matiti yatatengeneza kidogo, na ile haja isiyokuwako utakuwa umeiumba wewe mwenyewe. Lakini ukikataa nyongeza ambayo mizani imeonyesha kuwa yahitajiwa, kwa sababu waogopa watu watasema maziwa yako yamekauka, hapo heshima yako imewekwa juu ya uhai wa mtoto. Yote mawili ni hatari.

Kama maziwa yako hayapatikani kabisa, uliza kama kuna maziwa yaliyotolewa na mama mwingine na kukaguliwa hospitalini. Madaktari huyaweka hayo mbele ya maziwa ya mkebe. Benki ya kwanza ya maziwa ya namna hiyo katika Kenya ilifunguliwa Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Usichukue tu kwa jirani bila kupimwa.

Na ukiambiwa utumie mkebe, kipake kisafina chako lami. Unga ule si kwamba hauna vijidudu kabisa. Chemsha maji, uyatumie yangali moto sana, kabla ya nusu saa kupita, kisha upoze maziwa ndipo umpe mtoto. Pima kama ulivyoelekezwa. Usizidishe maji ili mkebe ukae siku nyingi, maana mtoto atashiba maji na kukonda. Tumia kikombe kidogo safi, ambacho ni rahisi kuosha kuliko chupa. Yaliyobaki baada ya saa mbili yamwagwe. Wala usiudanganywe na picha ya mtoto mnene. Mataifa yalikubaliana mwaka 1981 juu ya kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa haya kwa watu, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012. Walijua kwamba mama mwenye hofu ni mnunuzi rahisi.

Neno kwa akina baba: usimletee mkeo mkebe uliofichwa mkobani. Mletee chakula, maji ya kunywa, nauli, na sikio. Mwamshe usiku kwa upole, na mchana umwache alale.

Na neno kwa kanisa. Yule dada aliyesimama kando ya mto hakuwa na maziwa, wala hakuwa na mamlaka. Alikuwa na macho ya kuangalia na ujasiri wa kusema neno la kufaa kwa wakati wake. Mama anapokuwa hospitalini majuma sita, nani anawapikia watoto walio nyumbani? Nani anakama ng'ombe wake? Anaporudi na mtoto mdogo kama kiganja, je, tutamwuliza "Kwani huna maziwa?" au tutamwuliza "Nikusaidie nini leo?" Swali moja laweza kukausha titi, na lingine laweza kulijaza.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyesema kwa nabii Isaya kwamba hutatusahau hata kama mama angemsahau mtoto wake anyonyaye, uwaangalie leo watoto wote walio wadogo mno. Uwape mama zao nguvu usiku, baba zao hekima, waganga wao mikono mizuri. Utuondolee haya isiyo na faida na hofu isiyo na maarifa. Kwa Yesu Kristo, aliyekubali kulishwa kifuani pa mama. Amina.

Kwaheri, mpenzi msikilizaji, mpaka tukutane tena. Mungu akubariki.