Mlango wa udaktari hufungwa ukiwa kidato cha pili

(Maneno ya mazungumzo na vijana, likizo ya Agosti 2025)



Ndugu zangu, dada zangu, kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka simu yangu haipoi. Kijana ananiandikia: "Kaka, nimepata B+, nataka kuwa daktari, nifanyeje?" Namuuliza, Kemia ulipata ngapi? Jibu: "Kemia niliiacha." Hapo mazungumzo yamekwisha, na hatujafika hata kwa karo.

Wacha leo tuzungumze mapema, kabla ya machozi.

Nchi nyingi zina mtihani maalumu wa kuingia udaktari. India wana NEET, na wanaoufanya kila mwaka ni zaidi ya milioni mbili. Uingereza wana UCAT. Marekani mtu humaliza digrii ya kwanza ndipo afanye MCAT. Sisi Kenya hatuna mtihani kama huo. Mtihani wetu wa kuingia udaktari ni KCSE yenyewe. Hakuna pa kujitetea baadaye, hakuna wa kukuita umweleze unavyopenda kusaidia wagonjwa. KUCCPS inasoma karatasi yako ya matokeo tu.

Sasa sikilizeni vizuri. Digrii ya udaktari, ile MBChB, inatazama masomo manne: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, halafu Kiingereza au Kiswahili. Vyuo huweka B kamili kama kiwango cha chini katika masomo hayo. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. Kupata nafasi ni jambo lingine, kwa sababu mnashindana nchi nzima. Katika vyuo vikubwa vya umma, wanaochukuliwa huwa na pointi za klasta zinazopita 40 kati ya 48.

Tazama tena yale masomo manne. Imeandikwa Hisabati AU Fizikia. Wengi wenu mko kwenye shule ambako mtoto anafanya IRE, anafanya Kiarabu, na anaambiwa sayansi tatu zitamlemea. Sawa. Ukiwa na Hisabati nzuri, unaweza kuiacha Fizikia na bado ukaomba udaktari. Lakini Biolojia na Kemia huna ruhusa ya kuziacha. Ukiacha moja, umeshajiondoa, na hakuna mtu atakayekupigia simu kukwambia. Kwa hivyo IRE na Kiarabu si adui wa sayansi. Adui ni kuchagua masomo bila kujua yanaelekea wapi.

Na hizo pointi za klasta zinapatikana vipi? Si kujumlisha masomo manne tu. Hesabu inayotumika inachukua masomo manne ya klasta, ambayo jumla yake ya juu ni 48, na masomo yako yote saba, ambayo jumla yake ya juu ni 84. Vyote viwili vinapigwa pamoja. Chukua vijana wawili. Wote wana pointi 44 katika masomo manne ya udaktari. Wa kwanza jumla yake ya masomo saba ni 76. Wa pili alidharau yale mengine, akasema History na IRE hazimpeleki hospitalini, jumla yake ikawa 66. Ukipiga hesabu, wa kwanza ana karibu 43.7. Wa pili ana karibu 40.7. Sayansi zao ni sawasawa kabisa, lakini pointi tatu zimepotea. KUCCPS pia huangalia jinsi masomo yalivyofanywa mwaka huo, kwa hivyo yako inaweza kupanda au kushuka kidogo. Funzo ni lile lile: usiache somo lolote lizame. Hata IRE yako inakubeba.

Haya, ndiyo maana nasema mlango hufungwa kidato cha pili. Mwisho wa mwaka ule ndipo mtoto anapunguza masomo. Ana miaka kumi na tano, kumi na sita. Anafuata rafiki yake, au anafuata mwalimu aliyemchekesha. Wazazi wengi hawaitwi, na wakiitwa hawajui waulize nini.

Mwaka huu jambo hili ni zito zaidi. Walioko kidato cha pili mwaka huu wa 2025 ndio wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4. KCSE yao, ya 2027, ndiyo ya mwisho. Hawana wadogo nyuma yao watakaosoma mtaala ule ule. Na nyuma yao wako watoto wa Gredi ya 9, wanaoingia Gredi ya 10 Januari 2026. Hao hawapunguzi masomo, hao wanachagua mkondo: STEM, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mtoto anayeota udaktari, njia yake iko STEM. Akipelekwa mkondo mwingine kwa sababu ndiyo nafasi iliyokuwa karibu na nyumbani, ule uamuzi wa kidato cha pili umefanywa akiwa mdogo zaidi. Kama ndugu yako ana kichwa cha sayansi na ameandikiwa kitu kingine, mzazi aende shuleni aulize sasa. Asingoje Januari.

Najua kuna wanaosema moyoni: wewe unaongea habari ya kuchagua, sisi shuleni kwetu hatuna cha kuchagua. Maabara ni chumba chenye meza na vumbi. Mwalimu wa Kemia ni mmoja kwa shule nzima, au hayuko. Ni kweli. Januari 2020, baada ya walimu kuuawa Garissa, TSC iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Simlaumu mwalimu aliyeogopa kufa. Lakini yule mtoto aliyebaki darasani alifanya karatasi ile ile ya KCSE na mtoto wa Nairobi, na KUCCPS ikampima kwa mizani ile ile.

Ndiyo maana hili ni suala la haki, si la bidii peke yake. Katiba, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya afya na haki ya elimu. Kifungu cha 56 kinaitaka serikali iwe na mipango ya kuwapa jamii zilizoachwa nyuma nafasi maalumu katika elimu. Basi kama shule ya mtaa wako haina mwalimu wa Kemia, hilo si bahati mbaya ya kuvumiliwa. Andikeni barua kwa bodi ya shule, nakala kwa ofisi ya TSC ya kaunti, nakala kwa mbunge, kwa sababu pesa za NG-CDF zinaweza kujenga maabara. Wekeni tarehe. Wekeni sahihi za wazazi. Barua yenye majina arobaini haiwekwi chini ya faili kirahisi.

Sasa wewe uliyekwisha kufanya KCSE na hukufikia. Usikae kibarazani ukasema dunia imekwisha. Njia bado zipo, ila kila moja ina bei yake.

Kuna KMTC. Diploma ya afisa wa kliniki inaanzia wastani wa C kamili, na Biolojia na Kemia lazima ziwemo. Maombi siku hizi yanapitia KUCCPS. Kampasi ziko Mombasa, Kilifi, Msambweni, Lamu, Garissa, si lazima uhamie Nairobi. Na msiwadharau maafisa wa kliniki. Nenda zahanati yoyote usiku, anayekupokea mara nyingi ni yeye. Baadaye kuna digrii ya clinical medicine kwa anayetaka kuendelea. Na vipo vyuo vinavyompokea mwenye diploma nzuri ya afya, au digrii nzuri ya sayansi, kuanza MBChB kwa kujilipia. Masharti hutofautiana chuo kwa chuo, kwa hivyo uliza chuo chenyewe, na uombe jibu kwa maandishi.

Kuna kurudia KCSE. Si aibu. Ila rudia ukijua ni somo gani lililokuangusha, si kwa hasira ya wiki ya matokeo.

Na kuna kwenda nje. Hapa nataka mfungue masikio. Kila Februari mawakala wanajaa misikitini na WhatsApp: "Udaktari ng'ambo, alama si hoja, lipa amana leo." Ndugu yangu, alama ni hoja. Ukirudi Kenya, baraza la madaktari, KMPDC, ndilo linaloamua kama utashika mgonjwa. Aliyesomea nje hufanya mtihani wa baraza kabla ya kuanza ule mwaka wa mazoezi hospitalini. Chuo kikiwa hakitambuliwi, miaka sita na shamba la babu vimekwenda. Kwa hivyo kabla ya kulipa hata shilingi, andikia KMPDC uwaulize mambo mawili: chuo hiki mnakitambua? Na mimi, kwa matokeo yangu haya ya KCSE, mtanikubali nikirudi? Wakala akikwambia hakuna haja ya kuuliza, umeshapata jibu lako. Na hata majirani, Uganda na Tanzania, mfumo wao umejengwa juu ya kidato cha sita. Mwenye KCSE peke yake mara nyingi huambiwa apitie kozi ya kuunganisha kwanza. Uliza kabla ya kupanda basi.

Pesa nazo. Udaktari ni laki kadhaa kwa mwaka, miaka sita katika vyuo vingi. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4, na najua kuna nyumba ambazo mazungumzo yanasimama hapo. Siwezi kukutolea fatwa mimi. Ninachokwambia ni kwamba swali hilo muulize sheikh wako sasa, na familia ikae chini sasa: basari ya kaunti, basari ya NG-CDF, ufadhili, zaka, wajomba. Ukingoja barua ya chuo ifike ndipo ulizane, muda wa kuripoti unapita na nafasi inapotea. Na kitambulisho kianze siku unapofika miaka 18. Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba ule uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa watu wa mipakani umefutwa. Ukienda ofisini ukaulizwa vyeti vya babu, andika jina la ofisi na tarehe, utuletee.

Neno kwa wazazi wanaosoma hapa. Mama zetu wakienda leba huuliza kama kuna daktari mwanamke. Ni haki yao kuuliza. Lakini yule daktari mwanamke hashuki kutoka mbinguni. Ni yule binti wa Gredi ya 9 ambaye leo unamwambia Hisabati si ya wasichana. Huwezi kumtaka hospitalini na kumzuia darasani.

Mwisho, nataka kila mmoja wenu afanye kitu kimoja kabla shule hazijafunguliwa. Tafuta mtoto mmoja, wa nyumbani au wa jirani, aliye Gredi ya 9 au kidato cha pili. Keti naye. Muulize anataka kuwa nani. Andikeni pamoja masomo yanayotakiwa, muweke karatasi ile ukutani. Nusu saa tu. Huenda asitake udaktari, anataka uhandisi au ualimu, sawa kabisa. Lakini kama ataiacha Kemia, aiache akijua anaacha nini.

Allah awafungulie. Maswali yako wapi? Nani anaanza?